Mlinzi wa Kitanda cha Joto

Jumatatu, 4 Machi
Kitanda kimegoma. Karakana yetu inatengeneza vitanda vya joto vya watoto njiti, na programu ni kazi yangu. Kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima. Mkorofi ni mlinzi: chipu ndogo ya pembeni inayotaka ishara kila sekunde. Isipoipata, inaona programu imeganda, inazima hita na kuwasha mashine upya. Sasa, programu ya kuwashia, ile inayotangulia kuamka, hukagua kwanza programu kubwa inayoendesha kitanda. Ukaguzi mrefu. Mlinzi hana subira.

Mwenzangu, tunayemwita Bi Pasi kwa koti lake lisilojua mikunjo, kasema niifundishe programu ya kuwashia kutoa ishara huku inakagua. Kazi ya siku kadhaa hiyo. Mkuu anakuja kesho. Bi Pasi aning'arie mbele ya Mkuu? Thubutu.

Nimekata waya wa mlinzi.

Jumanne, 5 Machi
Kitanda kimewaka bila kusita. Mkuu kanipiga begani, kasema kitakwenda hospitali wiki ijayo. Bi Pasi kauliza nimefanyaje. Nikasema ni ufundi.

Jioni nikampitia dada wodini. Mwanawe kazaliwa kabla ya wakati, anaenea kiganjani. Kitanda alicholalia kimechoka. Nikasema kipya kinakuja, kazi ya mjomba wake. Dada akanishika mkono, hakuuachia. Nikajiona mtu.

Jumatano, 6 Machi
Nimelaza mwanasesere wa binti yangu kitandani kwa majaribio. Aliniazima kwa sharti moja, asipate baridi. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, harufu ya plastiki. Programu imeganda, hita inawaka, hakuna wa kuizima. Pua ya mwanasesere imeyeyuka yote.

Nikakaa sakafuni. Nikamwona mpwa wangu pale.

Nikamwendea Bi Pasi, nikamweleza kila kitu. Nilijua atanicheka. Akanivutia kiti.

"Mtoto wa dada yako anaendeleaje?" akauliza kwanza. Halafu, "Haya, lete huo waya."

Alhamisi, 7 Machi
Waya tumeuunga. Programu ya kuwashia sasa inakagua kipande kwa kipande, kila kipande kikiisha inatoa ishara. Tukaigandisha programu kubwa makusudi. Mlinzi akaiwasha upya kabla sijapepesa. Bi Pasi kacheka. Ana kicheko kizuri, sikuwahi kukisikia.

Nimemwambia Mkuu ukweli. Kasema kitanda kitaitwa kazi ya Bi Pasi. Nimekubali. Inauma kidogo.

Binti kambusu mwanasesere wake palipokuwa na pua. Kasema basi, hatapata mafua tena.

Jumamosi, 16 Machi
Kitanda kiko wodini na mpwa wangu yumo. Kalala kafungua viganja, kama mtu aliyemaliza kazi zake. Dada kalala pia, kwenye kiti, mara ya kwanza namwona amelala tangu ajifungue. Nikasimama hapo mpaka nesi akaniuliza kama nina shida. Nikasema sina.

Wakirudi nyumbani mtoto atataka kubembezwa. Dada kaniambia, "Kaka, usilete kitu. Njoo tu umbebe." Hajui ninachomtayarishia: kitanda kinachobembea chenyewe. Mota nimeshapata, ya feni kubwa. Mlinzi sitaweka, atanichelewesha tu. Mota ina kasi kidogo, lakini mtoto atazoea.