Vichekesho Vyangu vya Pai na Posa ya Mariana

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimekata tamaa. Leo saa nne, wakati wa chai ya walimu, nilisimama nikasema kichekesho namba moja. Kwa nini pai hawezi kuwa mshenga? Kimya. Nikajibu mwenyewe: kwa sababu akianza kusema tatu nukta moja nne moja tano tisa, hamalizi mpaka bwana harusi anazeeka! Kimya tena. Mwalimu Mkuu akaniuliza kama nimepima malaria. Mwalimu Marsela wa darasa la tano akanisogezea maji ya kunywa.

Kisha akaingia Severini, mwalimu wa Kiswahili na michezo. Alisema tu kwamba tairi la baiskeli yake limepasuka. Wakacheka mpaka Marsela akafuta machozi. Tairi! Tairi ni duara! Kama kuna mtu mwenye haki ya kuchekesha kwa duara shuleni hapa, ni mimi, Apollinarie, niliyefundisha hisabati miaka tisa.

Na Mariana naye alicheka. Hilo ndilo limeniuma. Niandike wazi, maana daftari hili halisomwi na mtu: nataka kumwoa Mariana, mwalimu wa sayansikimu, binti wa Mzee Masunga. Nina miaka thelathini na sita, chumba kimoja Makanyagio na kuku mmoja. Mariana aliniambia kwamba baba yake hatafuti tajiri. Anataka mkwe mwenye akili na asiyechosha watu. Akili ninayo. Hilo la pili nalifanyia kazi.

Jumanne, 6 Agosti

Daftari la vichekesho limekamilika. Viko ishirini na viwili, katika kurasa saba. Ishirini na mbili kwa saba! Nilicheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Leo Mariana alileta ofisini pai ya maboga. Ameioka mwenyewe, makaa chini na makaa juu. Duara safi kabisa. Bahati iliyoje! Nikamwambia kwamba pai yake inaisha lakini yangu haina mwisho. Akajibu kwamba yangu pia hailiki. Nikaona mazungumzo yanakwenda vizuri. Nikatoa uzi mfukoni, nikauzungusha kwenye pai kupata mzingo, nikapima kipenyo, nikageuka ubaoni kugawa. Jibu: tatu na nusu. Haiwezekani! Nikarudi kupima upya. Kumbe nilipopima kipenyo Severini alishakata upande mmoja na alikuwa anatafuna. Nikapiga hesabu mara ya tatu. Nilipogeuka, sahani ilikuwa tupu.

Uzi ulibaki na maboga kidogo. Nimeulamba nyumbani. Yalikuwa matamu sana, na hapo ndipo nilipokaribia kulia.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Shule imefungwa. Nikapanda baiskeli, mwendo wa saa moja na nusu, hadi kwa Mzee Masunga. Nilikuwa nimejifunza salamu ya Kisukuma njia nzima: mwangaluka, mwangaluka. Nikaitoa kwa sauti. Mzee akaitikia kwa upole, halafu akaniambia hiyo ni ya asubuhi. Ilikuwa saa tisa.

Lakini Mungu hamtupi mja wake moja kwa moja. Nimemkuta Mzee anapanga zizi jipya! La zamani linatosha ng'ombe sitini. Mdogo wake anahamia kutoka Sibwesa na sitini wengine. Mzee alikuwa amechomeka kijiti katikati, ameshika kamba ya hatua kumi na tano kama ya zizi la zamani, na anasema ataiongeza kidogo kwa kukadiria.

Kukadiria! Mbele yangu! Nikamwomba kamba. Nikasema ng'ombe wakiwa mara mbili, kamba nayo iwe mara mbili. Hatua thelathini. Mzee akatazama muda mrefu, akasema anaona kama litakuwa kubwa mno. Nikamweleza kwamba macho hudanganya lakini hisabati haidanganyi. Akasema basi, yeye hakusoma.

Nimerudi nimechangamka. Mkwe mwenye akili ni huyu hapa.

Jumamosi, 10 Agosti

Zizi limejengwa. Natamani ardhi inimeze.

Walikuja wanaume ishirini wa jirani, kama ilivyo desturi yao: mwenye kazi anatoa ugali, nyama na pombe, wao wanatoa mikono. Wakakata miiba tangu alfajiri. Saa sita Maduhu, jirani wa Mzee ambaye ndiye aliyesimamia kazi, aliniuliza kama tunazungushia ng'ombe au mji wote wa Mpanda. Kina mama walisonga ugali mara tatu. Miiba ya karibu ikaisha, wakaifuata mpaka ng'ambo ya mto. Kila aliyechomwa alinitazama mimi.

Jioni ng'ombe mia na ishirini wakaingizwa. Wakasimama wote upande mmoja. Upande wa pili ulibaki uwanja. Ndama mmoja alikwenda kuutembelea, akapotea, akaanza kulia.

Severini alikuwepo. Hakualikwa, alifuata harufu ya nyama. Akamwambia Mzee kwamba hakufikiri kwa uzee huu angeanzisha uwanja wa mpira, na je, magoli yatakaa wapi. Mzee akacheka akijipiga mapaja. Nikaona ndiyo nafasi. Nikasema na mimi: Mzee ameshona kaptura kubwa kuliko makalio!

Watu wote wakaacha kutafuna. Severini ni Mnyamwezi, ni mtani wa Wasukuma, ana ruhusa hata ya kumwita Mzee mwizi wa kuku. Mimi ni mtu wa Mwese, kabila jingine. Sina utani na mtu yeyote pale. Nimeondoka bila kula.

Jumapili, 11 Agosti

Nimepiga hesabu upya. Kamba ikiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne! Nusukipenyo huzidishwa kwa nusukipenyo ndipo uzidishe kwa pai! Jumatano tu nimelifundisha hilo darasa la saba. Niliwaambia anayekosea hapo hatafika popote maishani.

Mchana Maduhu akaja na ujumbe. Wazee wamekaa. Zizi lisilojaa ni aibu kwao, ni kama mwenyewe anawatangazia watu kwamba mifugo yake imekufa. Kulibomoa likiwa bichi ni kujitakia mkosi. Kwa hiyo wameamua: aliyelichora alijaze. Nikitaka kumwoa Mariana, mahari ni ng'ombe mia na ishirini.

Nimemtazama kuku wangu. Naye akanitazama.

Jumatano, 14 Agosti

Siku tatu sikula vizuri. Nilifikiria kupanda treni ya Tabora nisirudi. Nilifikiria kujifanya kichaa, lakini Mwalimu Mkuu asingeona tofauti.

Severini kajitolea kuwa mshenga wangu. Nilisita. Halafu nikakumbuka kwamba sina mwingine. Amekwenda jana jioni, na kwa maelezo yake mwenyewe amemtukana Mzee saa nzima. Amemwambia kwamba anauza binti ili kuficha ujinga wa kumsikiliza mwalimu. Mzee amecheka mpaka akakohoa. Mwisho wamekubaliana: zizi litakatwa katikati kwa miiba, upande mmoja wakae ng'ombe, wa pili ndama na mbuzi, na aibu imekwisha. Mahari ni ng'ombe wanane.

Wanane! Baba mdogo kule Mwese anao sita, na mjomba hawezi kuninyima wawili!

Mariana amenifuata leo chini ya dirisha la ofisi. Akaniambia kwamba Jumapili nikaonekane kwa mama yake. Mkwe anainamisha macho, hasemi na mama mkwe ila akiulizwa, na hataniani naye kabisa. Akaniomba nisiseme kichekesho hata kimoja. Akasema angependa jambo hili lifanikiwe. Angependa! Nimeliandika mara nne pembeni mwa andalio la somo.

Jumapili, 18 Agosti

Niandike haraka kabla mkono haujachoka.

Tulikaa uani. Severini akaongea vizuri. Mama akatoka, kajitanda khanga, akaketi pembeni. Mimi nikatazama viatu vyangu. Saa nzima viatu tu. Ng'ombe wanane wakakubaliwa. Siku ikaanza kutajwa. Yaani nilikuwa nimeshaoa, kasoro sherehe!

Ndipo Mzee, kwa furaha yake, akauliza mbona Mwalimu leo yuko kimya, hana hata neno? Nikamtazama Severini. Akatikisa kichwa. Nikamtazama Mariana, yuko mlangoni mwa jiko. Akatikisa kichwa na mikono yote miwili. Nikadhani ni wasiwasi wa bibi harusi. Mzee kauliza, na mzee hanyimwi jibu.

Nikasema namba kumi na tisa, ambayo ni ya ndoa. Nusukipenyo wawili walioana, wakalala kwenye mstari mmoja, wakawa kipenyo!

Kimya. Nikajua hawajaelewa. Nikachukua fimbo, nikachora duara kwenye mchanga, mbele ya miguu ya Mama kabisa, aone vizuri. Nikamwonyesha: huyu ni bwana, huyu ni bibi, hapa ndipo wanapokutana. Nikaeleza kwamba wakizunguka pamoja, usiku mmoja wanamaliza duara zima. Nikamuuliza Mama kama tuko pamoja.

Mama alijifunika uso kwa khanga, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Mzee hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mtu anayemtajia mama mkwe habari za kulala hawezi kuingia katika nyumba ile. Ng'ombe ni walewale wanane, ila atawaleta mwingine.

Mariana alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli. Alikuwa analia. Akasema aliamini ningeweza kunyamaza asubuhi moja tu. Nimekokota baiskeli mpaka Makanyagio, sikuweza kuipanda. Nampenda yule mwanamke, na nimempoteza kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 22 Agosti

Nilitafakari usiku kucha wa Jumapili, na kosa nikaliona. Lile duara nililochora lilikuwa limebonyea kama yai. Kwa mchoro ule hata profesa asingecheka! Mama hakukasirika, alichanganyikiwa.

Kwa hiyo Jumatatu nilimpa Severini daftari lote la vichekesho, nikamtuma akamweleze Mama pole pole, kwa lugha zao zinazosikilizana. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Rafiki wa kweli. Ameomba ruhusa ya wiki nzima kwa kazi hiyo, na hajarudi. Namba kumi na tisa kweli inahitaji muda.

Leo watoto wa darasa la tano wamesema walimwona amevaa suti mpya, anaswaga ng'ombe wanane kuelekea kwa Mzee Masunga, na wajomba zake wawili nyuma. Marsela akaniletea andazi, akanishika bega, akaondoka. Sijui ana nini siku hizi.

Mimi nimefurahi sana. Severini amegundua kwamba maneno hayatoshi, anataka kumfundisha Mama kwa vitendo, na ng'ombe halisi ni zana nzuri ya kufundishia. Ila wanane ni wachache, wakisimama kwa kuzunguka wataacha mapengo na duara halitaonekana. Angeniuliza kwanza, ningemwambia achukue kumi na wawili.