Nilipoamuru Memori Yote Ihame

Leo nimeumbuka. Na chanzo ni mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, askari wa soko waliponifukuza na viazi vyangu mara tatu kwa siku moja. Gunia lilinishinda kuhamisha, nikaapa kwamba kitu changu hakitakwama mahali tena. Ndiyo maana hapa Mweiga, kwenye kituo changu cha kupokea maziwa, meza iko na magurudumu. Kabati, magurudumu. Hata benchi ya wageni. (Cheka, lakini mimi sijafukuzwa tena.)

Sasa kuna kompyuta kubwa inayosoma mizani. Isipofanya kazi sipokei maziwa, na mshindani wangu yuko ng'ambo ya barabara, anangoja hiyo siku.

Asubuhi fundi wangu Muthoni alitoka Nyeri mjini kuja kuongeza memori. Akaniambia kuna maagizo ambayo mashine inasoma ikiwashwa tu: memori kiasi gani iwe ya kuhamishika, ili siku kipande kikiharibika tukichomoe bila kuzima. Hapo nikampenda!

"Memori ziko gigi sitini na nne," akasema. "Nitaacha ishirini zikae. Kiini, ile programu inayoongoza zingine zote, hakihami."

"Ati nini hakihami? Kwangu?"

"Mzee, kikikosa pa kukaa kitaanza kuua programu zingine."

"Andika sitini na tatu zihame! Mashine ni ya nani?"

Akaandika, kimya. (Ningeusoma huo ukimya. Lakini shule niliachia darasa la tatu.)

Mashine ikawaka vizuri. Nikawatangazia wakulima kwenye foleni kwamba msomi ameshindwa na mtu wa darasa la tatu. Wakapiga makofi. Ndoo ya nne, programu ya mizani ikafa. Tukaifungua tena, ikafa tena. Muthoni akasoma kioo cha mashine: memori imeisha. Chini yake, gigi nyingi tupu.

"Imeisha vipi, na karibu yote iko tupu?"

"Iko tupu, Mzee, lakini ni ya vitu vya kuhama. Kiini hakiwezi kukaa huko."

Upuuzi gani huu! Mtu analala nje na nyumba iko tupu? Na hapo mbele yangu Mama Nyambura, mteja wangu wa kwanza tangu nifungue, anainua ndoo yake.

"Baba Kamau, maziwa haingoji. Mimi navuka barabara."

"Weka chini! Hakuna mtu anavuka!" Nikapiga meza kwa ngumi mbili, nikaiegemea kwa uzito wangu wote.

Meza ikahama.

Nilianguka kifudifudi ndani ya ndoo ya Mama Nyambura. Kofia ikaelea. (Hayo maziwa nimelipa. Sipokei maziwa ya kofia.)

Foleni nzima ikasogea kuona. Halafu Muthoni, kwa adabu kabisa: "Pole, Mzee. Sasa niandike ngapi zikae?"

"Ishirini," nikasema, maziwa yakinitoka puani.

Mama Nyambura hakuvuka. Alisema anangoja kuona kama nitaanguka tena.

Leo niko na ekari sita, ng'ombe kumi na mmoja, tangi mbili za baridi, pikapu moja, kompyuta moja inayofanya kazi, na meza moja isiyo na magurudumu. Simiti ya miguu yake bado haijakauka. Asiiguse mtu, na asinichekee mtu.