Karibu ya Umbali

Jumatatu, 5 Mei

Nimehamia kwa Trésor, Mkongomani tunayefanya naye kazi huku ughaibuni, mtaa wa Kensington. Nalala sebuleni kwenye sofa lililokatika mguu. Sijafukuzwa kwangu, hapana! Nyumba ni yangu na Chepngetich, mke wangu, na ipo, na imefungwa vizuri. Ila haina mtu kwa sasa, kwa sababu dari la jikoni linanitazama vibaya.

Kisa chenyewe ni mapenzi. Chep yuko Kericho, amekwenda kumchukua mamake aje kututembelea. Siku zote analalamika jikoni kuna giza. Nikasema, wacha nimshangaze. Nikatazama video ya mzungu mmoja anayebomoa ukuta huku akipiga mluzi. Nikanunua nyundo kubwa. Pigo la kwanza, raha. La pili, raha zaidi. Nikaendelea, nikanogewa, mpaka ufa ukapanda ukutani kama una haraka, ukafika darini, na dari likashuka kidogo. Nikaweka nyundo chini polepole nikatoka kinyumenyume.

Sasa pana tundu la kupitisha ng'ombe. Chep anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Na mama mkwe! Yule aliyeuliza siku ya mahari, mbele ya wazee wote, kama mimi hupatwa na homa ya kichwa. Wakiukuta ukuta huu, nimekwisha. Chep aliniambia uwanja wa ndege nisiguse kitu. Alisema hivyo mara mbili, akaninyooshea kidole, kisha akanikumbatia. Nataka akirudi anikumbatie tena, basi. Ndilo ombi langu kwa Mungu.

Jumatano, 7 Mei

Nimejibiwa! Nimepita nyumbani kuchukua soksi nikakuta barua mlangoni. Kampuni inayochimba handaki la barabara chini ya mtaa wetu itaanza kutikisa ardhi Alhamisi ya wiki ijayo. Inaomba iingie kwanza katika kila nyumba, ipige picha kuta zote, ijulikane nyufa zipi ni za zamani na zipi zimeletwa na handaki.

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu. Wasipoingia, hawana picha. Wasipokuwa na picha, nani atajua tundu langu lilizaliwa lini? Handaki likipita tu, naanza kulia: jamani, mtetemo! Kampuni inanijengea ukuta mpya. Chep ananipa pole. Mama mkwe ananipa kiti kizuri. Mbuvi, wewe ni hatari!

Wakati nacheka, Révérien akatokea. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya barabara, Mrundi, kiongozi wa kwaya, nyasi za uani kwake zimenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi. Kutwa yuko nyumbani anaongea na simu, na hajawahi kuniambia ni kazi gani hiyo. Aliniambia yeye ameshawakubalia watu wa kampuni, na atawachemshia chai ya tangawizi. Nikamwambia amedanganywa. Akasema yeye hana cha kuficha. Neno "yeye" alilivuta sana. Sikulipenda.

Alhamisi, 8 Mei

Kabla ya zamu nimekwenda kwa wakili, wale wa msaada wa bure. Mama mmoja mpole, miwani shingoni. Nikamuuliza kama kampuni inaweza kuingia kwangu kwa kuwa hakuna mtu. Akasema hapana. Akasema kampuni kama hii inahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na nyumba ikiwa tupu haimaanishi haina mwenyewe.

Haleluya! Nikasimama nikampa mkono. Bado alikuwa anaongea. Kulikuwa na jambo kwamba nikikataa, halafu nyumba ikapasuka kweli, itaniwia vigumu kuthibitisha. Kulikuwa na jambo jingine kwamba ruhusa si lazima iandikwe, hata ya mdomo ni ruhusa, kwa hiyo niangalie ninachosema. Aliniita nikiwa mlangoni. Nikampungia. Haki yangu nilikuwa nayo tayari, ya nini kukaa?

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimefanya kazi. Nimebandika bango kwenye mlango, herufi nyekundu, Kiingereza cha kortini: ruhusa haitolewi, haijawahi kutolewa, na haitatolewa. Saini, Mbuvi. Nikapigia mstari "haitatolewa".

Kisha nikafanya mazoezi. Nikasimama mbele ya kengele ya mlangoni, ile yenye kamera ambayo Chep aliinunua kabla ya kusafiri. Mtu akibonyeza, simu yangu inalia popote nilipo, na naweza kumjibu kama niko ndani. Nikakunja uso, nikaiambia kamera kwamba mimi naijua sheria, kwamba kuta zangu ni siri yangu, kwamba atakayeingia tutaonana mahakamani. Nilitisha! Niliporudia mara ya pili Révérien akaniuliza kutoka ng'ambo kama niko salama. Nikamwambia naomba. Akasema amina.

Ila akaniuliza jambo la kipuuzi. Akasema bango ni kali sana, lakini je, na zulia? Nikatazama chini. Zulia la mlangoni, Chep alilinunua Nairobi, limeandikwa KARIBU na maua pande zote. Nikamwambia wazungu hawajui kulisoma. Mtu mwenye wivu hakosi neno.

Na kwa usalama zaidi, nina mpango wa pili. Trésor ana kabati refu analotaka kulitupa. Jumatatu si zamu yake, kwa hiyo atalileta kwa gari lake, tulisimamishe mbele ya tundu. Nimemwambia akifika agonge, nitamwelekeza ufunguo ulipo.

Jumatatu, 12 Mei

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Nilikuwa kazini bandarini Port Botany, juu ya foklifti, nimeinua mzigo wa mashine za kufulia mpaka rafu ya juu. Simu ikalia mfukoni. Kengele ya mlango! Mkono mmoja usukani, mwingine sikioni, sikuweza kutazama picha. Nilijiandaa kutoa hotuba yangu. Nikasikia sauti, Kiswahili cha Kongo safi, polepole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

Ikasema: hodi.

Nifanye nini mimi? Nimelelewa Machakos. Mama yangu alitufundisha kwamba hodi haiachwi ikining'inia. Tena nilijua ni Trésor. Nikapaza sauti: Karibu! Karibu sana! Ingia tu, ufunguo uko chini ya chungu cha maua, jisikie uko nyumbani, sukari iko kwenye kopo la bluu!

Akasema asante sana, papa, yaani baba kwa Kikongo chao. Nikaona Trésor leo ana adabu.

Saa ya chakula naingia kantini, nani kaketi pale anakula wali? Trésor. Nikamuuliza amemaliza saa ngapi. Akasema kumaliza nini, ameitwa ghafla kuziba nafasi ya mtu, kabati atalileta kesho. Woi! Kijiko kilinianguka. Nikafungua simu, nikatazama kamera.

Mwanamume wa makamo, kofia ngumu, fulana ya kampuni inayong'aa. Anasoma bango langu lote, mstari kwa mstari, anatikisa kichwa kwa huzuni, anageuka kuondoka. Kisha anatazama chini. Anaona zulia. Uso unamng'aa kama amekutana na shangazi yake. Ndipo anasema hodi.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameshamaliza. Anaitwa Katembo, wa Butembo, Kongo. Amekunywa chai, ameosha kikombe, amekifunika. Amepiga picha tundu kutoka kila upande, na nyundo yangu pia, ikiwa imelala palepale chini ya tundu. Aliniambia kwa upole kwamba ameita mafundi wa dharura, na kweli walikuwa wakisimamisha nguzo za chuma jikoni. Mafundi nao walikuwa wamebonyeza kengele kabla ya saa ya chakula, akasema, nami nikawaambia karibuni wote. Kweli niliwaambia. Nilikuwa bado nadhani ni Trésor na kabati.

Jumatano, 14 Mei

Sijashindwa. Usiku mzima nimewaza, na asubuhi nikalipata. Neno! Karibu ni maneno mawili! Kuna karibu ya kukaribisha, na kuna karibu ya umbali. Mimi nilimwambia Katembo kwamba yuko karibu na mlango. Nilikuwa namjulisha tu mahali alipo.

Nimevaa suti ya harusi nikaenda ofisini kwao, mjini, ghorofa ya juu. Nikalalamika rasmi: mmeingia nyumba yangu tupu bila ruhusa, picha zifutwe. Mama wa malalamiko hakubisha. Akasema ni haki yangu kabisa kukataa, na kama waliingia bila ruhusa ni kosa kubwa. Nikajinyoosha. Akasema basi tusikilize alichorekodi Katembo mlangoni, na kwa kuwa yeye hajui Kiswahili, ampigie mkalimani wa simu.

Mkalimani akajibu. Akataja namba yake tu, bila jina. Akasema ameapa kutafsiri yote kwa uaminifu, bila kuongeza wala kupunguza.

Ile sauti. Ile "r" ya Bujumbura. Ile sauti inayotuongoza Jumapili kwenye wimbo wa sadaka.

Kumbe ndiyo kazi ya Révérien!

Alitafsiri yote. Chungu cha maua, kopo la bluu, jisikie nyumbani, yote, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Nikatoa hoja yangu ya umbali. Akaitafsiri vilevile, neno kwa neno, hakucheka hata kidogo, na hilo liliniumiza zaidi. Yule mama akamuuliza kama inawezekana. Akasema neno lina maana zote mbili, lakini mtu akisema karibu na kisha akasema ingia, umbali hauhusiki tena.

Yule mama akafunga faili, akavua miwani. Akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Ukuta ule ulikuwa umebeba paa. Bila nguzo, dari lingeshuka ndani ya wiki chache, hata bila handaki, na lingeangukia meza ya kulia. Nikamuuliza upande gani wa meza. Akanionyesha kwenye picha. Ni kiti cha Chep. Ndipo hukaa akitoka zamu, viatu amevua, anakula ugali wa jana.

Nikamuuliza tena upande gani, kwa Kiswahili, na Révérien akaitafsiri. Mwishowe akamwomba yule mama ruhusa, akaniambia kwa Kiswahili ninywe maji. Kisha akamtafsiria hilo pia.

Jumamosi, 17 Mei

Wamefika. Niliwapokea uwanjani na maua. Chep hakuyashika. Nikaanza kumweleza kuhusu handaki na mitetemo. Akanitolea simu yake.

Kengele ya mlango. Nani aliinunua? Nani aliiunganisha kwanza na simu yake? Ashindwe shetani! Ameona yote kutoka Kericho. Ameniona naingia na nyundo. Ameniona natoka kinyumenyume, vumbi mpaka kope. Mazoezi yangu ya hotuba waliyatazama ukoo mzima, sebuleni, na mama mkwe aliomba yarudiwe. Hata suala la umbali analijua. Révérien hakusema, ameapa. Ni mimi mwenyewe, niliifanyia hoja mazoezi pale mlangoni Jumatano asubuhi.

Nikamuuliza mbona hakunipigia. Akasema alikuwa ananipa nafasi ya kumwambia mimi mwenyewe. Kila jioni tulipoongea aliniuliza nyumba iko aje, na kila jioni nilisema iko sawa. Hapo akatazama pembeni.

Nyumbani wakatangulia kuingia. Nikabaki kutoa mabegi. Mama mkwe alitundika mkoba wake kwenye nguzo ya chuma, nikamwona dirishani, akaigonga kwa kidole kuona kama ni imara. Nilipopandisha mabegi, mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo chini ya chungu haupo. Bango langu lipo, ruhusa haitolewi. Saini imekatwa, imewekwa ya Chep.

Nikabonyeza kengele. Nikasema, kwa unyenyekevu wote wa Machakos: hodi.

Kisha sauti ya Chep ikatoka kwenye kengele, nzuri, laini: karibu.

Moyo ulinijaa! Nikashika kitasa. Hakizunguki. Nikasukuma. Nikasema Chep, umesema karibu.

Akasema ndiyo. Karibu ya umbali. Uko karibu na mlango, baki hapo hapo.

Ndani nikasikia mama mkwe anacheka mpaka anakohoa.

Jumapili, 18 Mei

Nalala kwa Révérien. Ni yeye aliyevuka barabara kunichukua, na mabegi ya wageni akayafikisha kwa Chep, ambaye alimfungulia bila hata kuuliza nani. Amenipa chumba, blanketi na chai ya tangawizi. Hajanitania hata kidogo. Asubuhi kanisani alinitaja kwenye maombi bila kusema jina, na watu wote wakageuka kunitazama.

Chep amepita kwenye dirisha la nyumba yetu leo. Amenipungia kidogo, vidole viwili. Nadhani ni mwanzo. Fundi wa kweli anakuja kesho, na nimeamriwa nisiwe ndani ya mtaa wakati anafanya kazi. Nimekubali. Nimebadilika. Nimejua thamani ya kusema ukweli, ya kusikiliza wakili mpaka mwisho, ya kutogusa nisichokijua.

Nataka tu kumlipa Révérien wema wake, kimyakimya, asijue mpaka imekamilika. Kesho anatafsiri mahakamani kutwa nzima, nyumba itakuwa tupu. Nimetazama hiki chumba chake cha kazi, maskini, kidogo, giza, hata hewa haizunguki. Kati ya hapa na sebule kuna ukuta mmoja tu, mwembamba. Nimeugonga kwa kifundo cha kidole, ndani hauna kitu.

Nyundo Katembo alinirudishia, ameipangusa vizuri.