Siku Mbale Ilipobaki na Sifuri

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Mafubira, Jinja.
Chama chetu cha mazishi kinaunganisha matawi mawili. Daftari la Jinja limo katika hifadhidata ya aina moja, la Mbale katika ya aina nyingine. Hazielewani. Mwenyekiti, Haji Sulaiman, anataka tabaka la katikati, yaani programu ya kuziunganisha: karani aulize jina mara moja, tabaka lijue lenyewe namna ya kusema na kila mfumo. Atakayelijenga vizuri atakuwa katibu wa matawi yote. Tunaoshindana ni wawili: mimi, mwalimu mstaafu, na Hajarah, aliyeolewa Mbale. Nilimfundisha darasa la tano. Sina wasiwasi.

Jumatano, 8 Oktoba.
Tabaka langu linafanya kazi! Nimeuliza nikiwa Jinja, likaniletea mtu wa Nkoma, kule Mbale. Sasa hila ndogo. Kabla ya mkutano wa Jumamosi nitalifuta jina la Hajarah katika daftari la Mbale. Mwenyekiti amtafute mbele ya watu, asionekane. Katibu gani hana hata jina lake? Baadaye nitalirudisha.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Balaa. Nilibonyeza agizo la kufuta kabla ya kutaja jina la kufutwa. Tabaka likatii. Nikahesabu wanachama wa Mbale: sifuri. Familia mia nne na kumi na mbili! Nikaifunga kompyuta kama mtu aliyeona nyoka ndani yake. Saa nne Haji akapiga simu. Mzee Tamim wa Malukhu, hukohuko Mbale, amefariki, maziko kesho. Namba za wachimba kaburi na waosha maiti zimo katika daftari hilo tu. Nani atamzika Tamim? Sikula.

Ijumaa, 10 Oktoba. Mbale.
Nimekuja kukiri. Nimekuta umati, viatu vimejaa mpaka barabarani. Kaburi tayari tangu asubuhi. Wote waliitwa kutoka daftari lilelile! Alhamdulillahi. Nilitafuta kiti. Kukiri nikakuahirisha.
Hajarah akanivuta kando. Alikuwa ameliona agizo langu katika kumbukumbu za mfumo.
“Mwalimu, jana umefuta sisi wote,” alisema polepole. “Lakini mfumo yetu inangoja uthibitishe. Tabaka yako haijui kuthibitisha. Ulipofunga, kila kitu ikarudi. Ile ya kwenu Jinja haingoji mtu.”
Sikumsahihisha sarufi. Akanisihi nisijaribu tena kitu bila kunakili daftari kwanza. Haji hataambiwa.

Jumapili, 12 Oktoba. Mafubira.
Hajarah ndiye katibu, mimi msaidizi. Sikuumia; nilipiga makofi kuliko wote. Hata hivyo, fikiria: kasoro yangu moja tu ndiyo iliyowaokoa Mbale. Tabaka lenye kasoro nzuri hivyo halifai kutupwa. Nitalijaribu upande wa Jinja, nisimsumbue mtu. Kuna mwanachama aliyehamia Arua, nitamwondoa yeye. Kunakili ni kazi ya wasiojiamini. Agizo la Alhamisi bado limo kwenye kompyuta, hakuna haja ya kuandika jingine. Na mfumo wetu haungoji mtu, kwa hiyo matokeo nitayaona papo hapo.
Bismillahi. Nabonyeza.