Lazima Mashine Ije Mtaa wa Chini

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Leo viongozi wa usafi tumeitwa ukumbi wa shule na wadau wa mazingira: shirika, kiwanda cha kurejeleza plastiki, na watu wa benki waliovaa fulana za kijani. Nilikwenda kama Mwenyekiti wa Kikundi cha Usafi cha Mtaa wa Chini. Shati jeupe. Viatu viking'aa. Mtaa wa Juu walimleta kiongozi wao, ambaye kwa bahati mbaya ni dada mkubwa wa mke wangu. Shemeji ni fundi cherehani, mwenye mkasi mkali na ulimi unaoushinda mkasi.

Habari yenyewe: mashindano! Jumamosi italetwa mizani, kila mtaa upimiwe taka za kizimba chake cha kukusanyia. Mtaa utakaoshinda utapewa mashine ya kusaga chupa za plastiki. Ya umeme! Dada wa shirika alieleza masharti kwa kirefu. Sikuyasikia yote, maana nilikuwa nasogeza kiti changu kifike katikati, pale mpiga picha alipoelekeza kamera. Lakini nilisikia "taka", nikasikia "mizani", nikasikia "mshindi". Mwenye akili haambiwi mara mbili. Mimi hata mara moja sikuambiwa, na nimeelewa.

Shemeji alikaa mstari wa mbele, akisikiliza kila neno. Nilimhurumia.

Jioni niliwatangazia akina mama wa kikundi: mtaa wenye taka nzito ndio utakaoshinda. Mke wangu, ambaye kila asubuhi huchambua taka na wenzake na kukata chupa kwa kisu ili kiwanda kizipokee, aliuliza inakuwaje kwenye mashindano ya usafi ashinde mwenye uchafu mwingi. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akasema basi atamuuliza dada yake. Nikakataza papo hapo! Kumuuliza adui njia ni kuomba kupotezwa.

Wakasema sawa, mwenyekiti. Ila wakaongeza neno: mashine ikikosekana, watachagua mwenyekiti mwingine. Nilicheka sana. Walipoondoka niliacha kucheka.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kukagua kizimba. Nusura nizimie. Kitupu! Akina mama wametenganisha kila kitu. Chupa zimo kwenye viroba, makaratasi yamefungwa kamba, maganda yamepelekwa shimo la mbolea. Kilichobaki kizimbani hakijazi hata ndoo. Aibu gani hii, na mizani iko njiani? Nimeamuru kila kitu kirudishwe kizimbani. Hata mbolea. Mke wangu alinitazama, akatazama koleo, akanitazama tena. Kisha akaanza kufukua.

Bado taka hazikutosha. Watu wetu siku hizi hawatupi ovyo, na hilo ni kosa langu, kwa sababu nimewahutubia sana. Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba nikawaza. Nani ana taka? Mtaa wa Juu! Kizimba chao kimefurika mpaka barabarani. Tukizizoa zile, sisi tunanenepa na wao wanakonda. Nilisimama nikajipongeza kwa sauti.

Nimemfuata mwenye mkokoteni, yule tunayemwita Breki kwa sababu mkokoteni wake hauna. Nimemwahidi kwamba mashine ikija, yeye ndiye atakuwa dereva wake. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Sikuona haja ya kumweleza kwamba mashine hiyo haiendi popote.

Jumatano, 5 Machi

Mambo moto! Breki amevuta mizigo tangu asubuhi, jasho linamtiririka. Shemeji alitoka dukani kwake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akauliza tunafanya nini na taka zao. Nikajibu kwa upole kwamba tunawasaidia usafi, ujirani ndio huo. Akautazama mkokoteni. Akakitazama kizimba chao kinavyopungua. Akaniuliza kama nina hakika niliyaelewa maneno ya mkutanoni. Nikamwambia niliyaelewa kabla hayajasemwa.

Basi akasema asante sana, shemeji. Akawaita majirani zake watoe na godoro bovu lililokuwa uani, na mazulia, na kabati lililoliwa na mchwa. Walibeba wakicheka. Watu wengine ukiwaibia wanakufungia na kamba! Nilirudi nyumbani nikiimba.

Njiani nikawaza jambo jingine. Godoro kavu ni jepesi. Likilowa je? Na makaratasi? Nimemwaga maji ndoo baada ya ndoo, mpaka kizimba kikaanza kuchuruzika. Mke wangu alinikuta nikimalizia. Makaratasi hayo kikundi kilikuwa kimeyakusanya tangu mvua zilipokatika, na kiwanda hakipokei karatasi iliyolowa. Alisimama pale, kanga kiunoni, akiyatazama. Nikamwambia mkulima hulilia mbegu anapozifukia, lakini siku ya mavuno husahau. Akasema mkulima hafukii mbegu kwenye ndoo ya maji. Ana maneno, mke wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Harufu. Sitaki kuizungumzia.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na kizimba, amekuja kulalamika. Mteja wake ameshindwa kuvumilia, kaondoka akiwa amenyolewa upande mmoja. Nikamwambia hiyo ni harufu ya ushindi. Akasema kama ni hivyo, ushindi wenyewe umeoza. Nikamweleza habari ya mashine, na heshima itakayoletwa mtaani, na wageni watakaokuja kutoka mbali kuitazama. Alisema itakapofika ianze kumsaga mwenyekiti. Mtu wa fikra fupi. Nitanyoa kwingine.

Paka wote wa jirani wamehamia kizimbani. Nimewaacha. Nao wana uzito wao.

Ijumaa, 7 Machi

Jioni mke wangu alirudi, akakaa kwenye kigoda, akainyoosha mikono yake apake mafuta. Nikaiona. Imechanika kila mahali. Visu vya kukatia chupa, vifuniko vya makopo, vioo vilivyokuja na taka za Mtaa wa Juu. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Baba Watoto, hiyo mashine itakuja kweli?"

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma mpaka nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku, na hatufugi kuku. Huyu mwanamke alianza kuokota chupa wakati mtaa mzima unamcheka. Waliomcheka ndio hao leo wanamletea chupa mlangoni na kumwamkia kwa heshima. Watoto wa shule wanaujua mlango wetu kwa sababu yake. Namwonea fahari kuliko ninavyomwambia. Nilirudi ndani nikamwapia kwamba mashine itakuja, na kisu kile tutakitia kwenye kiroba cha vyuma chakavu.

Kisha nikamletea glavu zangu mpya, nilizokuwa nimezitunza kwa ajili ya picha. Nimempa zote mbili. Nimemwomba tu ya kulia anirudishie kesho kwa muda, ya kupungia mkono.

Nilipita Mtaa wa Juu kabla ya giza. Kizimba chao kimefagiwa, hakuna hata ganda. Shemeji alikuwa ameketi mlangoni akitia vifungo, ametulia tuli. Nilimpa pole. Akasema, "Asante, shemeji, Mungu akulipe." Nikaona kweli huyu keshakata tamaa.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike taratibu.

Lori lilifika na mizani. Wadau wote wamo, kijani kitupu. Walianza na Mtaa wa Juu. Mfuko mmoja! Mfuko mmoja mdogo, mshale wa mizani haukujisumbua hata kutikisika. Nilificha kicheko nyuma ya glavu.

Ikaja zamu yetu. Ah! Wapakiaji walipumzika mara kadhaa. Godoro peke yake lilihitaji wanaume wazima, nalo likawamwagia maji mengi. Mshale ulikwenda, ukakwenda, ukagonga mwisho ukakaa hapo. Nikaanza kupiga makofi, nikaongoza wimbo, nikapunga mkono pande zote. Akina mama wangu walipiga vigelegele. Mke wangu alikuwa akitabasamu. Sijamwona akitabasamu vile tangu siku nyingi.

Dada wa shirika akashika kipaza sauti. Akamtangaza mshindi: Mtaa wa Juu.

Nilisimama. Nikasema huu ni wizi wa mchana! Kila mtu ameiona mizani, sisi ndio wazito! Dada wa shirika akajibu kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba ndiyo, sisi ni wazito kabisa, hajapata kuona wazito kama sisi. Akarudia masharti. Kilichopimwa ni taka zilizoshindikana kuchambuliwa, zile zinazokwenda kutupwa dampo. Kizimba chepesi ndicho kinachoshinda. Alilieleza hilo Jumatatu, akasema, tena mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya bwana mmoja aliyekuwa anahamahama na kiti.

Kinyozi akacheka, na baada yake uwanja mzima.

Sikumtazama mke wangu. Nilijua alikosimama, nikatazama kwingine.

Shemeji akapewa kipaza sauti. Nilijua leo nimekwisha. Lakini alisema mtaa wake usingeshinda peke yake. Alisema kuna mtu mmoja wa Mtaa wa Chini aliyewabebea taka zao wiki nzima, bila kuombwa, bila kulipwa, kwa moyo mkunjufu, na kwamba hata alipomuuliza kama anajua anachofanya, alishikilia msaada wake. Akaomba nipigiwe makofi. Yakalipuka! Makofi ya kweli, mengi kuliko aliyopigiwa yeye. Watu wa benki walisimama. Mpiga picha akaja mbio, na safari hii sikuwa na haja ya kusogeza kiti.

Nikainama kidogo, kama inavyostahili.

Jumapili, 9 Machi

Kikao cha kikundi. Wamemchagua mwenyekiti mpya. Ni mke wangu. Mikono yote iliinuka, hata wangu, ingawa mimi nilikuwa najikuna.

Sikufurahi mwanzoni. Nilikaa pembeni nikitazama ukuta. Ndipo mke wangu akazungumza. Alikuwa amekwenda kwa dada yake asubuhi, kwa miguu yake, bila ruhusa ya mtu. Wamekubaliana mashine itakaa Mtaa wa Juu lakini akina mama wetu wataitumia kila alasiri. Chupa zetu zitasagwa pamoja na zao, kiwanda kitatuma gari moja kwa mitaa yote miwili. Visu basi. Alisema maneno hayo bila kupandisha sauti, na hakuna aliyekohoa. Mimi nikitoa hotuba hukohoa hadi paka.

Nikajisikia kifua kinajaa. Mke wa nani huyo? Wangu! Na mashine tumeipata kupitia nani? Kama nisingebeba taka zile, Mtaa wa Juu usingeshinda, na kama usingeshinda, dada angegawana nini na mdogo wake? Nililieleza hilo mbele ya kikao. Walinisikiliza kwa subira. Wakanipa cheo cha Mshauri. Nimeuliza kama Mshauri yuko juu ya Mwenyekiti, wakasema watalijadili.

Ijumaa, 14 Machi

Mashine inanguruma! Nimekwenda kuiona. Chupa zinaingia nzima upande huu, zinatoka vipande upande ule, na akina mama wa mitaa yote miwili wamekaa kwenye viti wakipiga soga. Mikono ya mke wangu imeanza kupona. Mgeni mmoja aliuliza nani alianzisha ushirikiano huu, nikamweleza kwa kirefu.

Wadau wamefurahi mpaka wametangaza mapimo mengine, kesho. Safari hii zawadi ni paa la kuchambulia taka kivulini. Paa lazima lije Mtaa wa Chini. Na mimi sasa masharti nayajua: mwepesi ndiye mshindi. Nani atanidanganya tena?

Nimekaa na Breki. Tangu asubuhi anahamisha taka zetu kuzipeleka kwa shemeji, kimya kimya, kupitia njia ya nyuma. Kizimba kimebaki cheupe. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu, nimempa pia viroba vyote vya chupa vilivyokuwa vimechambuliwa, vimeoshwa na kupangwa ukutani. Tusibakize hata gramu.

Jioni mwenyekiti alirudi kutoka mkutano wa viongozi akihema, uso unameremeta. Alianza kuniambia kwamba safari hii wamebadilisha kidogo, kwamba kesho mizani itapima viroba vya chupa zilizochambuliwa, na mtaa wenye...

Nikainua mkono kumkatiza. Nikamwambia apumzike, mama, anywe maji. Mambo ya mizani amwachie Mshauri.

Nje nilimsikia Breki akiondoka na kiroba cha mwisho.