Kuhusu Kadi Ndogo, na Ombi la Kuanzia Sherehe Mwishoni

Nyakabiga, Bujumbura
Julai 2004

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Arusi ya binti yangu Ingrid,

Ndugu Melchior,

Nakuandikia kama mwenyekiti, si kama shemeji. Kama shemeji ningekuja tu hapo kwako, ungenipa kiti, tungezungumza habari za mpira, na ningerudi nyumbani bila kusema nililojia, kama ilivyo desturi yangu. Naomba barua hii isomwe kikaoni kabla vinywaji havijafika, maana baada ya hapo tunajuana.

Wajumbe wanakumbuka kwamba Jimmy, mtoto wa dada yangu aliyeko Ubelgiji, ametutumia kamera ndogo inayoenea kiganjani, ambayo Wazungu hujifunga usoni wakiteleza kwenye theluji. Kamera alituma, kadi ya kumbukumbu hakutuma. Na bila kadi ya kuhifadhi picha, kamera ile ni jicho la kipofu. Kamati ikaniteua mimi, baba wa bibi arusi, kuivaa siku ya mahari, kwa hoja kwamba kipaji changu cha uso kimepanda mpaka karibu na kisogo na mkanda utapata pa kukaa. Sikupinga. Kioo ninacho.

Tena wajumbe wanajua filamu ni ya nani. Mama yangu yuko kambini, upande wa Tanzania, tangu mwaka ule tulipokimbia kila mmoja na njia yake. Padri anayekwenda huko na kompyuta ya kubeba amekubali kumwonyesha. Mama alipoulizwa atumiwe nini, hakutaja kitenge wala chumvi. Alisema, "Nataka nione Ingrid anavyotoka." Yaani ile saa msichana anapotolewa chumbani, shangazi zake wakimzunguka, kuja kuwasalimia wakwe. Mama alimwacha angali mtoto, akiruka kamba. Basi hilo ndilo tunalolitafuta, na hilo ndilo kamati imeliweka hatarini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kadi haikuchaguliwa kwa akili. Tulikwenda wanne kwa Mzee Sleiman, mwenye duka la redio, naye kwa heshima zake zote akatutandikia kadi mbili juu ya kitambaa. Moja ndogo, moja kubwa. Mweka hazina wetu, Namegabe, akazitazama sana, akazigeuza, akazinusa.

"Sasa we Mzee, ile mukubwa iko wapi? Mi naona zote ni moja."

"Ukubwa wake uko ndani, ndugu yangu."

"Ya ndani tutaonea wapi? Apana. Kamati hailipie kitu mutu haone."

Kisha akaiona kadi ya tatu, pana kama biskuti, iliyokuwa ya kamera nyingine kabisa, na akaamua kwamba yenye upana ndiyo itakayobeba watu wengi. Ilipokataa kuingia, aliomba kisu aichonge pembeni. Mzee Sleiman aliirudisha kabatini, akafunga kabati, akafungua Kurani. Tukaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

2. Kura haikuwa halali. Kikaoni pale baa, Ndugu Mwenyekiti, ulisema, "Wanaotaka kadi ndogo, ili kilichobaki kiende kwenye vinywaji, wanyanyue mkono." Mkono wangu ulihesabiwa. Nakiri ulikuwa juu. Lakini nilikuwa namwita mhudumu aniletee pilipili, na kila aliyekaa meza ile anajua kwamba nilipata pilipili.

3. Kadi ndogo nimeshaijaribu. Kwa maelezo ya Mzee Sleiman, inabeba video ya muda wa mtu kula brosheti mbili za nyama bila haraka. Kubwa ingebeba tangu kukaribisha wageni mpaka watu wanapokimbilia makwao kwa kuogopa kuvrefe, saa ile ambayo njia zinafungwa na askari hawaulizi umetoka arusini au wapi. Jumapili tulikwenda Kajaga kula samaki, nikajifunga kamera. Spéciose, mke wangu, dada yako, alianza kuniambia ninyooshe shingo. Alipomaliza kuniambia, kadi ilikuwa imejaa. Jioni Chanelle, mdogo wake Ingrid, akaitazama yote kwenye kompyuta ya jirani. "Papa," akasema, "ni sahani tu. Kuna pahali umetazama Mama kidogo, kisha umerudi ku samaki." Spéciose hajanisemesha vizuri tangu hapo. Mtu anayevaa kamera kichwani, Ndugu Mwenyekiti, huonyesha dunia moyo wake uko wapi.

4. Sasa tuhesabu maneno yetu. Wageni wa kutoka Gasenyi wataingia, na kwa desturi hawatasema wamejia msichana. Watasema wamepotea njia. Mzee Audace, msemaji wetu, atawajibu kwamba hapa hapana njia. Watasifu mvua. Atawauliza mvua gani, Julai hii. Wataomba kinywaji cha kuombea ruhusa, kisha kinywaji cha kushukuru ruhusa, na mirija itaingia chunguni. Ndipo Mzee Audace atakapowasifia ng'ombe wetu, mmoja mmoja, pembe na rangi, ng'ombe ambao wote tunajua vita vilikwisha kuwala. Brosheti mbili, Melchior. Hapo ng'ombe wa kwanza bado hajapata mkia. Ingrid akitoka chumbani, mimi nitakuwa nimesimama mbele yake na kamera iliyoshiba hotuba, na mama yangu ataletewa Mzee Audace.

Kwa sababu hizo, na kwa kuwa kamati imesema kadi haibadiliki, naomba kwa unyenyekevu ibadilike sherehe:

(a) Tuanzie mwishoni. Geti likifunguka tu, Ingrid atoke kabla hajaombwa na mtu yeyote, asalimie, azunguke mara moja. Halafu aombwe baadaye, kamera ikishazimika. Wageni wakishangaa kukabidhiwa msichana kabla hawajapotea njia, waambiwe ni mambo ya kiteknolojia.

(b) Mzee Audace aseme "Ndiyo" na kukaa. Kama ni lazima atoe ng'ombe, atoe mmoja, asiye na madoa.

(c) Watu ambao mama hawajui wapite nyuma yangu. Anaowapenda wapite mbele. Aliogombana nao wapite mara mbili, polepole, aone walivyozeeka.

(d) Spéciose asinielekeze.

(e) Yote yatakayobaki nje ya kadi, kila mjumbe abebe sehemu yake kichwani na kwenda kambini kumsimulia mama mwenyewe. Namegabe achukue chakula, anakikumbuka vizuri. Wewe, kama mwenyekiti, utabeba hotuba. Nyote mtapanda lori moja, na mtasimulia kwa zamu.

Kamati ikikataa yote haya, basi sina budi kutangaza kwamba msichana hayupo, na mkwe wetu aruhusiwe kuoa kadi, kwa kuwa ndiyo ambayo kamati imemchagulia kwa kura.

Namaliza hapa, mkono umechoka na Spéciose anauliza ninamwandikia nani kwa muda wote huu. Nisalimie wa nyumbani kwako, nisalimie wajumbe wote pamoja na Namegabe, na mpitishie Mzee Audace salamu zangu kwa maneno machache, kama mazoezi.

Wako katika kamati na katika ukoo,

Népomuscène,
Baba wa bibi arusi na mvaa kamera

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Padri amepita hapa sasa hivi. Jina la kilima chetu limesomwa kambini katika orodha ya wanaorudi, malori yanawarudisha wiki hii, na mama amepanda. Atakuwa hapa kabla ya Jumamosi ya mahari.

Futeni (a) mpaka (e). Ingrid atoke mwishoni kama walivyotoka mabibi arusi wote, na mama atakuwa amekaa mbele. Ametuma neno moja tu, nami nalileta kama lilivyo: Mzee Audace asikate kitu. Aeleze ng'ombe wote, na wa jirani kama atapenda, kwa kuwa miaka yote hii hajasikia mtu anayejua kudanganya vizuri kuhusu ng'ombe.

Kadi ndogo inatosha. Ila kamera utaivaa wewe, Shemeji. Mi nitakuwa nimemshika mama mkono, na kichwa changu nitakihitaji mwenyewe.