Ubao Wangu wa Rangi Tatu

Leo nimejivua nguo mchana kweupe, tena kwa mwandiko mzuri.

Mnajua nina wiki tatu kwenye ofisi ya wakili hapa Likasi, nikijaribiwa kazi ya sekretari. Kuendesha ofisi sikusomea. Najifundisha kwa video za simu. Leo Maître Solange, wakili mwenyewe, alikuwa anipe ufunguo wa ofisi. Ufunguo! Maana yake ningekuwa mtu wa pale kwelikweli.

Jana video ikasema ofisi nzuri huandika ratiba ya siku mahali inapoonekana. (Kwamba ionekane na wafanyakazi tu, hilo nimelielewa leo, nikiwa nimechelewa.) Basi asubuhi nikatundika ubao kwenye chumba cha kungojea. Saa kwa bluu, jina kwa nyeusi, shauri kwa nyekundu. Mstari wa pili niliufuta mara nne kwa sababu ulipinda.

Akaingia mama mmoja mzee. Alitaka Maître amtazamie barua ya kikundi chake cha sala. Nikamketisha kwenye benchi, pamoja na watu wengine watano. Akaukodolea macho ubao.

"Mwanangu, ni weye uliandika muzuri vile?"

"Ni minye, mama." (Kichwa kilishaanza kuvimba.)

"Macho yangu haione tena. Unisomee."

Nikasimama. Nikakohoa kidogo. Nikasoma kama niko kanisani: "Saa nne. Papa Didier wa Kamatanda. Anataka kumshtaki mama mkwe wake, ambaye ukuta wake umeingia kwenye kiwanja cha Papa Didier."

Mama akanigeukia.

"Didier gani? Ule wa piki-piki ya buluu?"

"Ndiyo, mama! Unamujua?"

"Nilimupa mutoto yangu."

Jamani! Nilitafuta pa kuangalia. Nikaangalia ubao. Kosa!

Hapo hapo mlango ukafunguka. Papa Didier mwenyewe. Kwao mtu hamkabili mama mkwe wake hata sokoni. Akimwona anakata njia. Sasa akate wapi? Akajibandika nyuma ya kabati la mafaili, tumbo likabaki nje.

"Ingia tu, mukwe," mama akamwita kwa upole. "Saa ine imefika. Weye iko pale kwa rangi nyekundu."

Benchi zima likacheka. Papa Didier akatoka kinyumenyume, piki-piki ikanguruma, mteja akaenda zake.

Maître akatokea, ufunguo mkononi. "Ni nani aliandika hii?"

"Usimugombeze, Maître," mama akasema. "Mutoto anasoma muzuri sana."

(Mama, ungenyamaza tu.)

Maître hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole: "Watu banatuletea siri zabo. Weye umezifungua zote, na ufunguo sijakupa bado." Akaurudisha mkobani. Mimi akanipa kitambaa.

Nimefuta ubao mara tatu. Tafadhali msicheke. Na mkishindwa, chekeni kimya, na msimsomee mtu ujumbe huu kwa sauti.